Siku Nzima Monako, Bila Kufika Kwako

Ventimiglia, Jumatatu, 17 Septemba 1962

Delfina mdogo wangu,

Nilifika salama, kama ungependa kujua. Mama hajambo. Pinuccia jirani alishinda naye, na niliporudi nilimkuta ameketi kitandani na shali yake, ananingoja kwa swali moja tu: "Chumba kikoje?"

Sasa niambie wewe, nimjibu nini?

Sikuvuka mpaka kuja kutazama bahari. Bahari ninayo, tena ya bure, naiona kila ninapoinua mgongo kwenye mawaridi. Nilikuja kuona chumba atakacholala mama yetu mimi nikilazwa Sanremo kupasuliwa nyonga. Daktari ameshapanga, mwanzoni mwa Novemba, na baada ya hapo sitaruhusiwa kuinua hata ndoo mpaka Krismasi ipite. Mama naye haachiki peke yake tangu kizunguzungu kilipomwangusha karibu na jiko. Yote haya nilikuandikia mwezi wa Juni, ukajibu: "Njoo Jumapili moja, dada, tutembee, tuzungumze."

Kutembea tumetembea. Kwa nyonga hii! Umenipeleka kwenye kasri nikatazame askari wakipokezana zamu. Umenipeleka kwenye bustani ya mipungate, kana kwamba kwetu mipungate hatuing'oi na kuitupa. Umeninunulia barbajuan, zile sambusa zao za mboga, za moto, tamu, sikatai. Umeninunulia kahawa kwenye uwanja wa kasino, kikombe kimoja kwa bei ya dazeni mbili za mawaridi yangu, na kuchuma dazeni mbili kunanitoa damu. Sijui kahawa ile ilimtoa nani damu. Umenizungusha kama pia tangu asubuhi mpaka treni ya jioni. Na nyumba yako, iliyo nyuma ya soko la Condamine, tumepita chini yake mara mbili. Nikakuuliza, "Si ile yenye madirisha ya kijani?" Ukasema, "Ndiyo hiyo, lakini mafundi wa rangi wamo ndani, harufu itakuumiza kichwa."

Mafundi wa rangi. Siku ya Jumapili. Delfina, mimi shule nilitolewa na miaka kumi na miwili, mwaka ule Baba alipokwenda Marseille na kufia huko, nilitolewa ili wewe upate kula. Vitabu sivijui, lakini Jumapili naijua.

Basi nikafunga mdomo nikafungua macho. Sokoni ulinunua ini la ndama la kuwatosha watu wawili, ukamwambia muuza nyama alikate dogo dogo sana. Wewe meno yako yote unayo. Ukanunua na tumbaku, ukasema ni ya bawabu wa jengo. Bawabu gani huyo anayenunuliwa tumbaku na mjane?

Halafu kasino. "Ingia uone, dada," ukasema, "usirudi kwenu hujaona."

"Twende wote."

"Mimi siruhusiwi. Raia wa hapa wamekatazwa kucheza kamari hapa. Tangu niolewe na Honoré mimi ni raia, wakinikuta kwenye vyumba vya meza watanitoa."

Sijawahi kusikia uongo uliopigwa pasi vizuri kama huo. Mwenye duka akatazwe kuingia dukani mwake! Lakini niliingia. Nikaonyesha kitambulisho, nikalipa kiingilio, nikasimama nyuma ya meza ya gurudumu. Sikucheza, nilihesabu. Wageni wana namba zao thelathini na sita, mwenye nyumba ana sifuri yake moja, na mwenye nyumba hana haraka. Sijaona shamba linalovunwa kila siku bila samadi kama lile.

Nilipochoka nikatoka, wewe hupo. Nikasimama pale kwenye ngazi kama mzigo uliosahauliwa na mchukuzi. Bawabu wa vifungo vya dhahabu akanijia na kuniuliza kama dereva wangu amechelewa. Dereva wangu! Mwishowe nikakuona unapanda kutoka upande wa bandarini, uso mwekundu, nywele zimechomoka kwenye kitambaa. "Nilikwenda msalani," ukasema. Kikapu chako cha sokoni, nilichokiacha kizito, kilikuwa chepesi. Na uliponishika mkono, mkono wako ulinuka dawa ya kuchua, ile ya kafuri.

Msala gani huo?

Una mwanamume nyumbani. Tena mzee, au mgonjwa, maana kijana hakatiwi ini dogo dogo. Wewe ni mjane, una haki zako, na mimi si padri. Lakini kama ni kwa ajili yake unamnyima Mama kitanda, liandike kwa mkono wako mwenyewe, nijue nilimlea nani.

Dada yako,
Ortensia


Monako, Ijumaa, 21 Septemba 1962

Dada yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima zote, ingawa barua yako imeniunguza vidole. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama, kama mtu anayesomewa mashtaka.

Mwanamume! Dada, ningempata mwanamume ningemtangaza gazetini, wanawake wa soko hili wangepasuka kwa kijicho. Mafundi wa rangi walianza Jumamosi, wakaacha makopo yao katikati ya sebule, ndiyo harufu niliyoisema. Ini ni la paka. Tumbaku ni ya bawabu, ambaye hunipandishia makaa, na mtu akikupandishia makaa ghorofa nne humlipi kwa "asante". Dawa ya kuchua ni ya goti langu. Unadhani wewe peke yako ndiye uliyerithi mifupa mibovu?

Kuhusu kasino, muulize yeyote umtakaye. Ni sheria ya hapa tangu zamani. Honoré, Mungu amrehemu, alizaliwa na kufa karibu na milango ile na hakuwahi kuweka hata sarafu juu ya meza.

Tuzungumze la maana, la Mama. Chumba ni kidogo, dada. Lifti hatuna. Jua upande wetu halifiki, mchana tunawasha taa. Nimefikiri sana. Masista wa Bordighera wanapokea wazee kwa majuma machache, wana bustani, wana kanisa hapo hapo. Nitagharimia mimi, yote, na nitakwenda kumwona kila Jumapili. Wewe utapona kwa amani, naye atatunzwa kuliko ambavyo ningemtunza mimi na ngazi zangu.

Usinikasirikie. Mbusu Mama kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Delfina


Ventimiglia, Jumapili, 30 Septemba 1962

Delfina,

Nimefanya uchunguzi. Nimeanza na lile la kasino, kwa sababu ndilo nililolikasirikia zaidi.

Nilimwendea mzee Rebaudo, aliyekuwa mtu wa forodha pale mpakani miaka yake yote. Nilimkuta anapalilia vitunguu. Nikamwambia, "Mzee, nimeambiwa uongo," nikamsimulia. Alicheka mpaka akaketi juu ya vitunguu vyake.

"Bibi Ortensia, hilo ndilo neno la kweli kuliko yote utakayoyasikia kule. Mwenye kilabu cha mvinyo mwenye akili huwanywesha wa nje. Wanawe anawaambia wanywe maji."

Basi, hilo nalifuta. Nilikukosea, na nikikosea husema. Lakini usishangilie bado. Nimeligeuza neno hilo juu chini, kama ninavyogeuza shada kabla ya kuliuza, na nimeona lilivyofungwa. Ulichagua jambo la kweli kwa makusudi. Ulijua nikiingia mle wewe huna ruhusa ya kunifuata, na mimi sina haki ya kukulaumu. Ukapata nafasi ya kukimbia. Mtu anayejificha nyuma ya kweli ananitisha kuliko mwongo wa kawaida.

Yaliyobaki hayajasimama. Paka? Wewe ukikaa chumba kimoja na paka unapiga chafya mpaka unatokwa machozi, tangu utotoni. Kwa hiyo ini limeliwa na mtu. Na umeandika "jua upande wetu halifiki, mchana tunawasha taa." Wetu na nani? Tunawasha na nani? Wewe na makopo ya rangi?

Halafu hao masista. Nilimsomea Mama mistari ile, sikuona kwa nini nibebe aibu yako peke yangu. Akasema: "Nimezaa mabinti wawili ili nikalishwe uji na binti za watu?" Kisha akageukia ukutani. Hajala vizuri tangu hapo. Naogopa, Delfina. Nakuandikia kwa hasira, lakini chini ya hasira kuna woga: nikiahirisha kupasuliwa, daktari anasema nyonga itakufa kabisa, na nikilemaa mimi, mawaridi yanakwenda, na Mama anakwenda nayo. Hakuna mtu mwingine nyuma yetu. Ni wewe na mimi tu, ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Kwa hiyo sikiliza. Jumapili ya mwisho ya Oktoba nitamleta Mama, na nguo zake, na mto wake. Hatutakwenda kutazama askari. Tutapanda ghorofa zako nne, tukipumzika kila moja, na nitagonga. Atakayefungua na afungue.

Ortensia


Monako, Alhamisi, 4 Oktoba 1962

Dada,

Usimlete. Nakuomba. Isome barua hii ukiwa peke yako, na ukiwa umekaa.

Mwanamume yupo. Ni Baba.

Ndiye, Ampelio, baba yetu. Huyo huyo ambaye Mama anamsomeshea misa kila Novemba. Hakufia Marseille. Yule baharia aliyekuja mlangoni kwetu na habari ya kifo alitumwa na Baba mwenyewe. Alikuwa Toulon, dada, miaka yote hiyo, kwa mwanamke aliyekuwa na biashara ya udobi. Mwanamke akafa, wanawe wakamtoa.

Alinijia majira ya baridi ya mwaka jana, na sanduku lililofungwa kwa kamba. Nilifungua mlango nikaona pua yako. Nilijua kabla hajasema neno. Akanitazama akauliza, "Wewe ndiye yule mdogo?" Jina langu hakulikumbuka.

Nilipaswa kumfungia mlango. Nilisema, atalala mpaka Jumatatu, Jumatatu namtoa. Jumatatu ikafika, nikarudi kutoka kazini nikakuta amemenya viazi. Nikasema wiki ijayo. Machi ya mwaka huu kiharusi kikampiga, upande mmoja ukafa, na tangu hapo hakuna tena wa kutolewa. Namchua kwa kafuri, namgeuza, namkatia chakula. Mchana ule, ulipokuwa ukihesabu gurudumu, nilikuwa nimekwenda kumlisha. Ndiyo, nilikupeleka kasino kwa makusudi. Nilijua ukishaona namba utasahau kwamba nipo.

Utaniuliza, kwa nini. Nami nimejiuliza. Wewe unamkumbuka akikubeba mabegani, unamkumbuka akiondoka, kwa hiyo una mtu kamili wa kumchukia. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Nyumba nzima ilikuwa na baba aliyekufa isipokuwa mimi, mimi sikuwa hata na huyo. Nikajiambia, acha nipate walau hiki kizee.

Sikukwambia kwa sababu najua ulivyobeba mawe ya kuta za shamba ukiwa mtoto. Na Mama! Akipanda ngazi hizi akamkuta dirishani, ama atakufa yeye ama atamuua. Ndiyo maana nikawaza masista. Sina chumba kingine, dada. Chumba cha Mama ndicho hicho hicho anacholala yeye.

Niambie nifanye nini. Nitafanya utakalosema, hata kama ni kumpeleka kwenye nyumba ya wazee wasio na watu. Lakini useme wewe.

Delfina


Ventimiglia, Alhamisi, 25 Oktoba 1962

Delfina,

Nimechelewa kwa sababu barua tatu za kwanza hazikufaa kukabidhiwa posta.

Umeniomba niseme mimi. Nilijua tu. Mawe nibebe mimi, na hili nilibebe mimi. Mwaka ule alipokwenda, nilikuwa napandisha mawe kwa kikapu mgongoni, na mwenye shamba alikuwa ananilipa nusu ya mtu mzima kwa sababu nilikuwa mtoto, na alinihesabia vikapu kama mtu mzima. Hapo ndipo nilipojifunza hesabu. Kila nilipomchukia mwenye shamba nilimhurumia Baba: maskini, laiti angekuwa hai. Huruma yote hiyo, miaka thelathini na mitano, nimempa mtu aliyekuwa anakunja mashuka Toulon! Naidai kwa nani sasa?

Nilitaka kukujibu: mtoe. Niliandika neno hilo hilo, peke yake, nikaliweka kwenye bahasha. Kisha nikamtazama Mama.

Alikuwa mezani anapukuchua maharage. Bila kuinua kichwa akasema, "Ortensia, tangu ile barua umevunja sahani mbili. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama. Ndiyo shida yenyewe."

Nikamwambia. Nilikuwa nimeshasimama nyuma ya kiti chake tayari kumdaka. Hakuanguka. Hakulia. Mikono yake haikusimama, ganda huku, maharage kule. Bakuli likajaa, akavuta lingine. Mwishowe akauliza:

"Anatembea?"

"Hapana, Mama. Upande mmoja umekufa."

"Sikio lipi?"

"Masikio nadhani yote yanasikia."

"Vizuri," akasema. "Basi safari hii atanisikiliza mpaka mwisho."

Nikamwambia yule si wako tena, Mama, huna lazima, nitaahirisha hospitali, tutapata njia. Akanitolea macho yale unayoyajua. "Wewe utakwenda kupasuliwa. Mimi nitakwenda kwa binti yangu, kama tulivyopanga. Kama kuna mtu kwenye kitanda changu, asogee." Kisha akataka kujua kama padri atarudisha misa. Nikasema misa hazirudishwi. "Basi azihamishie kwa babu yako," akasema, "huyo alikufa kweli."

Kwa hiyo tunakuja Jumapili, treni ya asubuhi. Utupokee stesheni. Tafuta kitanda cha pili, uazime popote, na uweke pazia katikati. Vidonge vyake vya kizunguzungu ni asubuhi na jioni, atakwambia ameshameza, usimwamini. Nyama apate mara mbili kwa wiki. Mimi nitamkabidhi kwako penye behewa na kurudi na treni inayofuata. Daktari amenikataza ngazi. Ni kweli amenikataza. Nawe unaelewa zaidi ya mtu yeyote jinsi neno la kweli linavyofaa.

Bado nakutilia shaka, Delfina. Miezi ishirini umeniandikia habari za hali ya hewa huku yeye yuko chumba cha pili. Kila barua yako ya zamani sasa naisoma upya, nikimtafuta. Sijui nitaacha lini.

Akiuliza, usimwambie nimemsalimu.

Ortensia


Monako, Ijumaa, 9 Novemba 1962

Kwa Ortensia, wodi ya wanawake, Sanremo

Dada,

Pinuccia ameniandikia kwamba kisu kilikwenda vizuri na kwamba tayari unagombana na wauguzi juu ya bei ya supu. Nimelia kwa furaha. Sikukuandikia mapema kwa sababu Mama alinikataza: "Mwache apasuliwe kwanza, habari zitamngoja."

Alipanda ngazi zote. Kila ghorofa alipumzika na kuzungumza na wapangaji, mpaka tunafika juu alikuwa anawajua watu ambao mimi sijawahi kuwaamkia. Mlangoni nilitaka nitangulie, nimtayarishe Baba. Akanisukuma kando kwa kiwiko.

Yeye alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Alipoona mwanamke wa nguo nyeusi, macho yake si mazuri siku hizi, alidhani ni mmoja wa wale wanaotembelea wagonjwa. Akasema, "Sista, dawa nimeshakunywa."

Mama akavua glavu zake, kidole kimoja kimoja.

"Mimi si sista."

"Nani basi?"

"Mjane wako."

Dada, nilidhani amekufa palepale. Mdomo ulifunguka usifunge. Mama akavuta kiti, akaketi mbele yake, magoti kwa magoti, akaniambia, "Delfina, toka nje, ufunge mlango."

Nilikaa ngazini. Nilisikia sauti moja tu, ya Mama. Alianza na majira ya baridi aliyoondoka Baba, paa lilivyovuja, alivyouza pete. Tangu siku hiyo kila alasiri anaketi pale na kuendelea, mwaka baada ya mwaka, haruki. Hapigi kelele. Akilia Baba, Mama anasubiri, anamfuta pua, anaendelea alipoishia. Akisinzia, anamgonga goti. Jana walifika vita vilipoanza. Usiku anamchua mguu kwa kafuri, anasema mimi sijui kuchua, nafanya kama napaka siagi.

Jana hiyo Baba alimkatiza mara moja. Akasema, "Na Ortensia?" Jina lako analikumbuka, nilisikia kwa masikio yangu, na niliona wivu. Mama akamjibu: "Ya Ortensia sisemi mimi. Yangu ndiyo ninayoyajua. Yake atakuja kusema mwenyewe, au hatakuja."

Halafu akaniita. Chumba hiki sasa kina vitanda viwili, pazia, viti viwili na cha tatu tulichoazima kwa jirani, na hakuna pa kupita. Anataka kujua, kabla hajamrudishia jirani hicho kiti cha tatu: akiache au akirudishe?

Naogopa kukuuliza, lakini nimetumwa.

Delfina


Sanremo, Jumatano, 14 Novemba 1962

Delfina,

Daktari ameruhusu ngazi kuanzia Epifania, tarehe sita Januari.

Kiti kiacheni. Kiwe karibu na mlango.

Ortensia